Mgonjwa Amerudi Nyumbani

Leo tunasema na mke ambaye mumewe aliumia kichwa vibaya, na mume ambaye mkewe yu katika hali hiyo hiyo. Siku za hospitali zimekwisha kupita. Watu walikuja wakaomba, harambee ikafanywa, na siku ya kurudi nyumbani mlimshukuru Mungu. Kisha majirani wakarudi mashambani kwao, nanyi mkabaki wawili. Kazi ilianzia hapo.

Kidonda cha kichwa hupona, nywele huota juu yake, na watu husema, "Amepona kabisa." Lakini ubongo haufungi upesi kama ngozi. Sehemu ya mbele ya ubongo hutusaidia kuzuia hasira, kupima maneno na kupanga kazi. Ikiumia, mtu mpole aweza kuwa mkali, na mwenye bidii aweza kukaa kutwa bila kuanza jambo lo lote. Mara nyingi mwenyewe haoni kwamba amebadilika. Wako wasemao ni pepo, au amelogwa, au ni kiburi tu. Sisi twasema wazi: ni jeraha. Mguu uliovunjika hatuugombezi kwa sababu hautembei.

Hata hivyo, dada, hatutaki kukudanganya. Unamlilia mtu aliye hai, na huzuni ya namna hiyo haina matanga. Unaogopa kusema kwamba unamkosa yule aliyekuoa, usije ukaonekana huna imani. Sema. Zaburi zimejaa watu waliomlalamikia Mungu, wala hakuwafukuza. Na hasira ikifika hatua ya kupiga, ondoka kwanza na watoto mwende mahali pa salama, ndipo umwambie daktari na mchungaji. Ahadi ya ndoa haikudai uumizwe.

Katika Injili ya Marko, sura ya 8, tunasoma habari za kipofu wa Bethsaida. Bwana alipomwekea mikono mara ya kwanza, mtu yule aliona kwa shida, watu wakionekana kama miti. Ikabidi amwekee tena. Twaipenda habari hii, kwa kuwa Bwana hakuona haya kwa uponyaji uliofika nusu ya njia. Baada ya ubongo kuumia, mengi hurudi katika miezi ya kwanza, na mengine huendelea kurudi polepole hata baada ya miaka.

Basi mpeni jambo moja kwa wakati mmoja. Zimeni redio mnapozungumza naye, naam, hata hii yetu. Tundikeni kalenda ukutani, mwandike humo kazi za siku. Alale mchana bila kuitwa mvivu. Pombe asiguse. Akishikwa na kifafa, nacho chaweza kuja hata miezi mingi baada ya ajali, apelekwe hospitali. Na dawa asiache mpaka daktari aseme.

Nanyi washiriki, mwezi wa kwanza kila mtu hubisha hodi. Twawauliza juu ya mwezi wa saba. Mzee mmoja wa kanisa aende Jumatano akae na mgonjwa saa mbili, ili mkewe aende sokoni, au alale tu. Na akina mama, msiende ishirini pamoja mkaimba kwa nguvu, maana kelele humchosha sana mtu wa namna hii. Wawili watosha, na chai waibebe wenyewe.