Msaidizi wa Leo ni Fundi wa Kesho

Fungueni madaftari, tusome pamoja, polepole.

Wengi wenu, kabla ya kujua kuandika majina yenu, mlikuwa mkitia dole gumba. Mlipaka wino kidoleni, mkabonyeza karatasi, alama ikabaki. Hiyo ndiyo chapa. Picha za chapa hufanywa vivyo hivyo. Fundi huchora picha juu ya ubao laini. Kisha huchonga na kuondoa sehemu zisizotakiwa kupata wino. Hupaka wino kwa rola, hulaza karatasi juu yake, na kuikandamiza kwa mashine, au hata kwa mgongo wa kijiko cha mti. Akiibandua, picha imekwisha tokea. Ubao mmoja hutoa picha nyingi.

Lakini angalieni: picha hutokea kinyume. Tazameni muhuri wa ofisi ya kijiji. Herufi zake zimegeuzwa, ili zisomeke sawasawa juu ya karatasi.

Kazi hii ni nzito kwa mtu mmoja. Mwenye wino mikononi akishika karatasi nyeupe, ataichafua. Kwa hiyo fundi hutaka msaidizi. Msaidizi hukata karatasi, huilaza, huibandua, hutundika picha zikauke, husafisha rola, na hufagia.

Mzazi akimwona mwanawe anafagia karakana, pengine husema, "Mtoto wangu amefanywa boi." Humwondoa. Ndugu zangu, hapo kijana amepotewa na shule yake. Akiwa na ufagio mkononi, huona kwamba wino mwingi huziba mistari midogo, na wino kidogo huacha mabaka. Huona fundi akitupa picha mbaya na kuanza tena. Mpiga iritungu naye hakujifunza kwa maneno matupu. Alikaa karibu na mzee, akatazama vidole, akasikiliza.

Sasa sikilizeni habari za George Lilanga, Mmakonde wa kusini mwa nchi yetu. Mwaka 1972 Nyumba ya Sanaa ilianzishwa Dar es Salaam. Jamaa yake, msanii Augustino Malaba, alimsaidia kupata kazi huko. Kazi gani? Mlinzi wa usiku! Lilanga alikuwa anajua kuchonga vinyago, lakini hapo alikutana na kazi nyingine, na picha za chapa zikiwamo. Hakubaki mlinzi. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani. Uzeeni, alipokuwa mgonjwa, vijana walimsaidia kazi. Mjukuu wake, Hendrick Lilanga, alijifunza kwake, naye akawa msanii. Mzee alifariki mwaka 2005, lakini ujuzi wake haukuzikwa naye.

Basi nina neno kwa watu watatu.

Wewe fundi, usimpe kijana ufagio tu mwaka hata mwaka. Mpe kipande cha ubao kilichobaki, achonge picha yake mwenyewe, kisha aandike jina lake chini yake. Ukimficha ujuzi, utakufa nao.

Wewe kijana, fanya kazi ndogo kwa uangalifu, na uulize usichokijua.

Wewe mzazi, kabla ya kumwondoa mwanao, nenda karakanani uulize: Anafundishwa nini? Anaruhusiwa kujaribu? Anaonyeshwa namna ya kushika kisu asijikate? Ukijibiwa vizuri, mwache. Usipojibiwa, mtafutie fundi mwingine.

Sasa jibuni maswali haya katika madaftari yenu:

1. Kwa nini fundi wa chapa hutaka msaidizi?
2. Lilanga alianza na kazi gani katika Nyumba ya Sanaa?
3. Katika kijiji chenu, ni fundi gani asiye na msaidizi? Andika sentensi mbili juu ya ujuzi utakaopotea akiondoka.

Kwaherini, ndugu. Tuonane katika somo lijalo.