Kwenda Ng'ambo na Watoto: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Mkopo

(Mazungumzo mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Nimeombwa niseme juu ya wanachama wanaokuja kukopa pesa za kusafiri. Zamani mkopo ulikuwa wa mbuzi, wa mabati, wa karo. Siku hizi mtu anakuja na habari ya viza, na si yake peke yake: anataka kwenda na mwenzake na watoto, wafanye kazi miaka mitatu minne, warudi. Sisemi asiende. Nasema kikundi kiulize vizuri, maana mkopo huo una wadhamini, na wadhamini ni ninyi.

Nitashika habari ya Uingereza, kwa sababu wengi wanaouliza ni wauguzi. Julai 2021 serikali yetu na ile ya Uingereza zilitia sahihi mapatano juu ya kuajiri wahudumu wa afya. Muuguzi hufanya mtihani mmoja kwa kompyuta akiwa bado huku, na ule wa vitendo huufanyia kule. Yeye bado anaruhusiwa kwenda na mume au mke na watoto. Lakini kazi ya kutunza wazee ni habari nyingine. Tangu 11 Machi 2024 watunzaji wapya walikatazwa kuleta familia, na tangu 22 Julai 2025 kazi hiyo haichukui tena watu wapya kutoka ng'ambo. Kwa hivyo ajenti akikwambia leo kwamba ana nafasi ya kutunza wazee Uingereza, wewe na watoto wako, weka pesa mfukoni uende nyumbani.

Sasa tupige hesabu. Tuseme mama ni muuguzi, baba ni dereva wa lori, na watoto ni wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa miwili. Viza hulipiwa kila mtu yake. Tena, kama mwajiri hakuahidi kuwasaidia mwezi wa kwanza, lazima waonyeshe akiba iliyokaa benki siku 28: pauni 1,270 za mama, 285 za baba, 315 za mtoto wa kwanza na 200 za wa pili.

Wakishatimiza hayo watu husema kazi imekwisha. Kumbe ndiyo inaanza! Mshahara wa mama ukilipa kodi ya nyumba, chakula na umeme wa kupasha nyumba joto, kinachobaki cha kulipa mkopo ni kidogo sana. Ni lazima baba naye afanye kazi. Sheria inamruhusu karibu kazi yoyote, lakini si ile ya lori aliyoizoea. Leseni ya Kenya humtosha gari dogo kwa miezi 12 tu, kisha ni mtihani upya. Basi ataanzia kwenye ghala, au usafi, au kuosha vyombo hotelini. Je, yuko tayari? Wako waume wanaokubali kwa mdomo na kukataa moyoni, na nyumba ikaingia baridi kuliko ile ya nje.

Na yule wa miaka miwili? Huyu ndiye watu humsahau. Mkubwa ana shule ya serikali bila karo, lakini alasiri ametoka. Mdogo hana nyanya karibu, wala jirani wa kuambiwa nishikie nifike sokoni. Kumwacha wa miaka saba amlinde mdogo wake, jambo ambalo hapa twaliona la kawaida, kule laweza kuleta polisi mlangoni. Vituo vya kulea watoto ni ghali, na viza yao haiwapi haki ya misaada mingi ya serikali. Wengi hufanya hivi: mama zamu ya usiku, baba zamu ya mchana, wanapishana mlangoni. Pesa hupatikana, lakini ni maisha magumu. Waiteni wote wawili waseme mbele ya kikundi, si mmoja anaongea na mwingine anatazama chini.

Jambo jingine: viza zote nne zimeshikiliwa na kazi ya mama. Akiachishwa, kwa kawaida hupewa siku 60 apate mwajiri mwingine mwenye kibali, la sivyo wote wanne wafunge virago. Mikataba mingine humdai muuguzi gharama za kumleta akiondoka mapema. Mkataba usomwe kwanza, harambee baadaye.

Ndiyo maana nakazia habari ya shamba. Mtu anayekwenda kwa muda hauzi mahali pa kurudi. Shamba likodishwe kwa maandishi, na pesa za kukodisha ziingie moja kwa moja kwa kikundi zipunguze mkopo. Jina la atakayelisimamia liandikwe katika kitabu cha kumbukumbu, pamoja na sahihi yake na za wadhamini, kabla mweka hazina hajatoa shilingi ya kwanza.