Mlima Namsan wa Mji wa Seoul: Ulivyopotezwa na Ulivyorudishwa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Twapenda kusema jioni hii juu ya mlima uliomo ndani ya Seoul, mji mkuu wa Korea ya Kusini. Jina lake ni Namsan, maana yake Mlima wa Kusini. Si mrefu, kwani kilele chake hakifiki mita 300. Lakini khabari zake zatuhusu sisi watu wa kalamu na mihuri, kwa kuwa sehemu kubwa ya mlima ule ilichukuliwa kwa amri za serikali, kiwanja baada ya kiwanja. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo.

Wafalme wa ukoo wa Joseon walihamia huko mwaka 1394. Mwaka 1396 wakajenga ukuta wa zaidi ya kilomita 18 kuuzunguka mji, nao ukapita juu ya milima minne, Namsan ukiwa mmojawapo. Kazi iligawanywa mafungu 97, na baadhi ya mawe yaliandikwa alama za mafungu na majina ya waliohusika, ili mahali pakibomoka ajulikane wa kuulizwa.

Wajapani walitawala Korea tangu mwaka 1910 hata 1945. Walijenga ubavuni mwa mlima hekalu kubwa la dini yao ya Shinto, lililofunguliwa mwaka 1925. Sehemu ya ukuta wa kale ilivunjwa kulipisha; na nyumba ya ibada ya wenyeji, iitwayo Guksadang, ikahamishiwa mlima Inwangsan. Wanafunzi wa Kikorea wakalazimishwa kupanda kwenda kusujudu.

Utawala ule ulipokoma, hekalu likaondolewa. Mtu angalidhani kwamba mlima umepona, lakini sivyo. Mwaka 1956 wenyeji wenyewe walisimamisha hapo sanamu ya Rais Syngman Rhee, angali hai na madarakani. Alipoondoka mwaka 1960, ikaangushwa. Mwaka 1972 yakainuliwa magorofa mawili marefu ya kukaa wageni, yakauziba mlima machoni pa watu. Idara ya upelelezi nayo ilikuwa na majumba yake huko, hata jina la Namsan likawa la kuogofya, kwani watu walishikwa wakateswa humo. Basi twaona kuwa mkono wa mwenyeji waweza kuharibu kama mkono wa mgeni.

Katika miaka ya 1990 wakuu wa mji waliazimia kuurudishia mlima sura yake. Tarehe 20 Novemba 1994 magorofa yale yalilipuliwa kwa baruti, yakaanguka kwa muda mfupi sana, na mahali pake pakafanywa bustani. Mwaka 1995 wapelelezi walihama. Tangu mwaka 2013 wachimbaji walifukua misingi ya ukuta iliyokuwa imefukiwa palipokuwa hekalu, karibu mita 190. Wala hawakuufuta msingi wa saruji wa hekalu, bali waliuacha uonekane karibu na mawe ya wafalme, ili atazamaye asome mambo yote mawili.

Si kila kitu kilichoondolewa. Mnara uliokamilika mwaka 1975 ungali kileleni, na wageni wengi huupanda. Kurudisha hakuna maana ya kubomoa kila kipya. Maana yake ni kuuliza juu ya kila jengo: lilijengwa kwa faida ya nani, na nani alinyang'anywa?

Ndugu, sisi ndio tupitishao majalada ya viwanja vya watu wote. Karatasi moja huonekana ndogo mezani, lakini magorofa ya Namsan yalikaa miaka 22, na kuyaondoa kulihitaji fedha nyingi na baruti. Tutiapo sahihi zetu, na tukumbuke wale wajenzi wa mwaka 1396, ambao mawe yao yangali yanasema ni nani aliyefanya kazi ile.