Huruma Isiyogawanyika

(Hotuba ya kamati ya vijana wa huduma katika hafla ya kumbukumbu ya kuanzishwa kwa hekalu letu)



Tumepewa heshima ya kuzungumzia huruma kwa wanyama. Tumechagua kusema kwa Kiswahili, kwa kuwa wako humu ukumbini ndugu ambao wamepika, wamefagia na wamelinda hekalu hili kwa miaka mingi. Haingekuwa adabu kuhubiri huruma kwa lugha wasiyoielewa.

Wengi wetu tulifundishwa ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe, kabla hatujajua kusoma. Bibi zetu waliwamwagia njiwa nafaka kila asubuhi. Chapati ya kwanza ilitengwa kwa ajili ya ng'ombe. Mdudu aliyeingia ndani hakupondwa, bali alichukuliwa kwa kipande cha karatasi akatolewa nje. Malezi hayo tunayaenzi, wala hatuyaonei haya. Hata hivyo tumekuja na swali moja: ahimsa yetu huishia wapi?

Tuanze na kosa letu wenyewe. Mwaka uliopita ng'ombe mmoja jirani na hekalu aliumia mguu. Kwa siku mbili tu kamati yetu ilikusanya fedha za daktari wa mifugo, za dawa na za majani. Mwezi huohuo msaidizi wetu wa jikoni aliungua mkono kwa mafuta ya moto. Ziliisha wiki tatu kabla mmoja wetu hajauliza ni nani aliyemlipia matibabu. Jibu ni kwamba alijilipia mwenyewe, kwa kukopa. Tulirudisha fedha zake na tukamwomba radhi, naye kwa uungwana wake akatusamehe. Lakini aibu ile haijatutoka, na ndiyo iliyotufanya tuisome upya historia ya jambo hili.

Tunapotetea haki za wanyama, mara nyingi tunaulizwa: binadamu wanalala njaa, nanyi mnamlilia punda? Swali hilo ni la haki. Lakini historia inaonyesha kwamba waliowatetea wanyama kwa dhati hawakuwaacha nyuma wanadamu.

Tarehe 16 Juni 1824 watu wachache walikutana katika mkahawa mmoja wa London, wakaanzisha chama cha kuzuia ukatili dhidi ya wanyama. Miongoni mwao walikuwamo William Wilberforce na Thomas Fowell Buxton, wabunge waliokuwa katika vita vya kukomesha utumwa. Kwao hayo hayakuwa mambo mawili. Aliyezoea kusikia kilio cha mtumwa na kusema kwamba ni mali tu, angeshindwaje kusema hivyo juu ya farasi?

Miongo michache baadaye, mwaka 1888, kijana Mohandas Gandhi alifika London kusomea sheria. Alikuwa amemwapia mama yake kwamba hatagusa nyama. Siku za mwanzo alishinda na njaa, hadi alipogundua mkahawa wa wasiokula nyama, na humo akanunua kitabu kidogo cha Henry Salt. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba hadi siku ile alikishika kiapo kwa ajili ya mama, na tangu alipokisoma kitabu kile akakishika kwa hiari yake.

Salt huyo alikuwa mwalimu katika shule ya matajiri ya Eton, akaiacha kazi na kwenda kuishi maisha ya kawaida shamba. Mwaka 1891 yeye na wenzake waliunda jumuiya iliyoitwa Humanitarian League. Jumuiya ile ilipinga uwindaji wa kujifurahisha na mateso ya wanyama machinjioni. Ilipinga vilevile viboko magerezani na shuleni, na adhabu ya kifo. Mwaka 1892 Salt alitoa kitabu juu ya haki za wanyama na uhusiano wake na maendeleo ya jamii. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: ukatili ni tabia moja, na anayeukubali mahali pamoja hana ukuta wa kuuzuia usifike pengine. Mwaka 1931 Gandhi, sasa kiongozi wa taifa, alirudi London akazungumza mbele ya wasiokula nyama, na mzee Salt alikuwa ameketi karibu naye.

Wazee wetu wanamtaja Gandhi kwa fahari, nasi pia. Basi na tuyakumbuke pia maneno yake yasiyopendeza masikioni. Katika kitabu chake cha Hind Swaraj cha mwaka 1909 alisema kwamba anayemhurumia ng'ombe atoe uhai wake mwenyewe kumwokoa, wala asiutoe uhai wa ndugu yake Mwislamu. Akauliza pia ni nani atakayemlinda ng'ombe dhidi ya Wahindu wanaomtesa. Onyo hilo halijapitwa na wakati. Mwezi Julai 2016, huko Una katika jimbo la Gujarat, ambako wengi wetu tuna asili, watu wa tabaka la Dalit waliokuwa wakichuna ngozi ya ng'ombe aliyekwisha kufa walivuliwa nguo na kupigwa hadharani. Waliowapiga walijiita walinzi wa ng'ombe. Ndugu zetu, fimbo ile haikumlinda ng'ombe yeyote.

Msituambie kwamba hayo ni ya mbali. Pwani yetu ina daftari lake. Katika karne ya 19 forodha ya Zanzibar ilikodishwa kwa miongo mingi na nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Wahindu wa Kutch, watu wa dini wasioonja nyama. Ushuru ulitozwa kwa pembe za ndovu, kwa karafuu, na kwa kila mtumwa aliyeshushwa bandarini. Mwaka 1860 Rigby, balozi wa Uingereza, alipowaamuru Wahindi waliokuwa chini ya himaya ya nchi yake kuwaachia watumwa wao, walioachiwa huru walihesabika kwa maelfu. Soko lenyewe lilifungwa mwaka 1873. Si wazee wetu peke yao waliofanya biashara hiyo, na si wote walioifanya. Lakini hatuwezi kukwepa jambo hili: palikuwa na mikono iliyowamwagia njiwa nafaka asubuhi, na mchana ikaandika watu katika hesabu ya bidhaa. Hiyo ndiyo huruma iliyogawanywa. Inaweza kuwa safi kabisa upande mmoja, na isiuone kabisa upande wa pili.

Sasa tumrudie yule punda tunayeulizwa habari zake. Katika miaka ya karibuni punda wa Afrika walichinjwa kwa wingi kwa ajili ya ngozi zao, ambazo huchemshwa kutengeneza dawa ya ejiao inayouzwa nchini China. Kenya ilikuwa na machinjio yenye leseni, na wizi wa punda ukaenea vijijini. Punda wa nyumba alipoibwa, haukuwa msiba wa mnyama peke yake. Ndoo za maji alizobeba zilihamia kichwani na mgongoni kwa mama. Kuni zilihamia kwa binti, na binti akachelewa shule. Basi waliomtetea punda walikuwa wakimtetea pia yule mama. Mwezi Desemba 2022 wajumbe wa nchi za Afrika walikutana hapa Tanzania, jijini Dar es Salaam, kulijadili jambo hilo, na mwezi Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa waliidhinisha katazo la biashara ya ngozi za punda barani kote. Kazi ya kulitekeleza bado ni kubwa. Lakini aliyeuliza kama tumlilie mtu au punda amepata jibu: mara nyingi mzigo wao ni mmoja.

Ndugu zetu, hotuba bila tendo ni upepo. Kwa hiyo tunaleta mapendekezo matatu mbele ya wadhamini, na tunaomba yajadiliwe kabla ya mwaka huu kwisha.

La kwanza ni kwamba kila mtu anayelitumikia hekalu hili kwa ujira awe na mkataba wa maandishi, siku ya mapumziko kila wiki, mchango wa hifadhi ya jamii, na matibabu anapoumia kazini. Kila mmoja wetu afanye hivyohivyo nyumbani kwake kwa dada wa kazi na kwa mlinzi. Na kile kikombe kinachowekwa peke yake kwa ajili ya mfanyakazi, ambacho sote tunakijua ingawa hatukitaji, kitoke kabatini. Anayeviosha vikombe vyetu vyote hawezi kukinajisi kimoja.

La pili ni maziwa ya hekalu. Gandhi aliacha maziwa ya ng'ombe na nyati mwaka 1912 baada ya kusoma jinsi wanyama hao walivyoteswa ili kukamuliwa hadi tone la mwisho. Hatumtaki kila mtu afike huko. Tunaomba tu tununue kwa wafugaji tunaowajua, twende tuone hali ya ng'ombe na ndama wao, na tulipe bei itakayomwezesha mfugaji naye kuishi.

La tatu, mfuko wa kamati yetu, ambao mpaka sasa ni wa wanyama pekee, uwe mfuko wa huruma. Umtibu punda wa mchota maji na umtibu mchota maji mwenyewe, bila kuuliza dini yake.

Yule msaidizi wetu wa jikoni yupo nasi leo. Mkono wake umepona. Chakula mtakachokula baada ya hotuba hii, kisicho na damu ya mnyama yeyote, amekipika yeye na wenzake. Tumewaandalia viti katika safu hii ya mbele, na leo sisi wanakamati ndio tutakaowapakulia. Tungependa mwakani jambo hilo lisiwe na haja ya kutangazwa.

Om shanti.