Ncha ya Kubadilisha, Plau ya Kudumu



Mhadhara wa uprofesa una deni ndani yake. Anayepewa kiti hudaiwa na umma uliomsomesha, naye hulipa kwa kueleza fani yake kwa lugha ambayo umma huo unaielewa. Fani yangu ni zana za kilimo. Jioni hii nimechagua kuzungumzia kipande kimoja cha chuma kinachobebeka kwa mkono mmoja, yaani ncha ya plau, lile bapa la mbele linalotangulia kuingia ardhini na kuukata udongo kabla bawa halijaugeuza.

Ninachotaka kusema ni hiki. Plau isiyochakaa haipo, wala haitakuwepo. Plau bora ni ile ambayo uchakavu wake umepangiwa mahali pamoja, na mahali hapo mkulima anaweza kupabadilisha mwenyewe, shambani kwake, kwa spana moja na kwa spea aliyoinunua duka lolote. Kuupangia uchakavu mahali pake ni kazi ya mhandisi. Kuhakikisha spea ya duka lolote inaingia ni kazi ya makubaliano kati ya watu, na hapo ndipo tulipozembea.

Kwa nini chuma huliwa

Tuanze na udongo. Sehemu kubwa ya mchanga wa mashamba yetu ni punje za jiwe liitwalo kwatsi. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho huanzia 1 kwa mawe laini na kuishia 10 kwa almasi, kwatsi imo kwenye 7. Chuma laini cha kawaida, kile kinachouzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya ujenzi, ni kama 4 tu. Kila hatua ambayo maksai wanapiga, punje zisizohesabika zenye ugumu unaozidi ule wa chuma zinapita juu ya ncha na kuikwangua. Tunaweza kuupunguza mkwaruzo huo. Kuukomesha hatuwezi.

Hasara yake ni kubwa kuliko chuma kinachopotea. Iwekeni plau mpya juu ya sakafu iliyonyooka, kisha chutameni muitazame kwa ubavuni. Mtaona ncha imegusa sakafu, na kisigino cha nyuma kimegusa sakafu, lakini katikati yake pana mwanya mwembamba, kiasi cha kupitisha rula ya chuma. Mwanya huo ndio unaoizamisha plau. Kwa sababu ncha imeelekezwa chini kidogo, plau inapovutwa huingia yenyewe ardhini na kutulia kwenye kina chake bila kukandamizwa. Ncha ikiliwa, mwanya unapungua, na ukiisha, plau huanza kuelea. Hapo ndipo mnapomwona mshika mikono ameilalia plau kwa kifua, au mtoto ameambiwa aikalie ili izame. Wengi hudhani udongo umekuwa mgumu, kumbe kilichopotea ni milimita chache za chuma.

Mzigo wa milimita hizo huwaangukia wanyama. Jozi ya maksai wenye kilo 300 kila mmoja ina kilo 600. Kwa kazi ya saa kadhaa, jozi hiyo huvuta kwa nguvu inayolingana na takriban sehemu ya kumi ya uzito wake, yaani kilo 60 hivi. Hiyo ni akiba ndogo, na ncha butu huimaliza upesi. Tena akiba hiyo hutumika wakati mbaya kabisa wa mwaka: mvua za kwanza zinapoanguka, maksai wametoka kwenye kiangazi wakiwa wamekonda, na siku zinazofaa kupandia ni chache. Anayelima polepole hupanda kwa kuchelewa, na anayechelewa kupanda huvuna pungufu.

Kuna hasara nyingine inayojificha. Ncha ikiisha kabisa na mkulima akaendelea kulima, udongo huanza kula kiunzi kilichobeba ncha, na matundu ya bolti hupanuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta: aliyekwepa kununua ncha sasa atanunua plau.

Waliotutangulia

Wazo la kuweka kipande cha kubadilisha mbele ya plau ni la zamani sana. China ya kale, hata kabla ya enzi ya Han, wasubu walitengeneza vifuniko vya chuma vyenye umbo la V vilivyovishwa kwenye ncha ya plau. Kifuniko kikiliwa, kilivuliwa na kingine kuvishwa. Jirani zetu wa Ethiopia wana plau ya mti iitwayo maresha, yenye ncha ya chuma inayochomolewa na kupelekwa kwa mhunzi kunolewa. Mababu wa pande zote mbili waliona jambo lile lile: mti na chuma havifi kwa kasi moja, basi visifungwe pamoja milele.

Hatua iliyofuata ilipigwa Uingereza. Robert Ransome, msubu aliyehamia mji wa Ipswich mwaka 1789, alipata hataza mwaka 1803 ya ncha inayojinoa yenyewe. Siri yake ilikuwa kwenye kalibu. Upande wa chini wa ncha ulimiminwa juu ya chuma baridi, ukapoa ghafla na kuwa mgumu mno. Upande wa juu ulipoa taratibu ndani ya mchanga na kubaki laini zaidi. Ilipoingia shambani, sehemu ya juu ililiwa haraka na ya chini ililiwa polepole, hivyo ukingo mkali ulibaki siku zote. Tuitafakari hekima hiyo. Ransome hakupigana na mkwaruzo, aliuajiri umfanyie kazi ya kunoa.

Mwaka 1808 Ransome alipata hataza nyingine, ya plau ambayo vipande vyake vinafunguka na kubadilishana. Naomba wanafunzi wangu wazitenganishe hataza hizi mbili vichwani mwao. Ya 1803 ni ugunduzi wa chuma. Ya 1808 ni ugunduzi wa vipimo.

Marekani walijifunza somo hilo kwa njia ya taabu. Charles Newbold wa New Jersey alipata hataza ya plau ya chuma cha kusubu mwaka 1797. Wakulima wengi waliikataa, baadhi wakisema chuma kinatia sumu kwenye udongo na kuotesha magugu. Hofu hiyo haikuwa na msingi, lakini plau yenyewe ilikuwa na kasoro ya kweli: ilimiminwa karibu yote kuwa kipande kimoja. Ncha ikivunjika kwenye jiwe, plau nzima ilikuwa imekwisha. Mwaka 1807 David Peacock, naye wa New Jersey, aliigawa katika vipande. Kisha Jethro Wood, mkulima wa Scipio katika jimbo la New York, alipata hataza mwaka 1814, na nyingine bora zaidi mwaka 1819. Ncha, bawa na ubavu wa plau yake vilisubiwa mbalimbali kwa vipimo visivyobadilika, vikafungamana, na kila kimoja kiliweza kuagizwa peke yake. Plau ya namna hiyo ilienea sana, na wengine wakaiga bila kumlipa. Wood alipoteza miaka na mali akiwashtaki, hadi alipofariki mwaka 1834.

Mwaka 1837, huko Illinois, John Deere alitumia chuma cha pua kilichotoka kwenye msumeno uliovunjika kutengeneza plau ambayo udongo mzito wa mbuga haukuigandia. Jina lake linajulikana duniani kote, nami namheshimu. Lakini nikiulizwa ni nani aliyempa mkulima mdogo uhuru, nitawataja Ransome na Wood. Deere alimpa plau inayopita vizuri udongoni. Hawa wawili walimpa plau anayoweza kuifufua mwenyewe.

Tundu la mraba

Sasa tuje nyumbani, Tanzania. Plau ya maksai imelima Usukuma, Mara, Mbeya na Rukwa kwa vizazi kadhaa. Imelima Ukambani kwa jirani zetu wa Kenya na Teso kwa jirani zetu wa Uganda. Hapa kwetu, kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilitengeneza majembe na plau. Karibu plau zote hizo zina ncha ya kubadilisha. Kwenye karatasi, somo la 1808 tumelipata.

Kwenye karakana ndogo ya mjini hali ni nyingine. Fundi wetu hodari huchukua springi chakavu ya lori, akaikata na kuifua kuwa ncha. Chaguo lake la chuma ni zuri, kwa maana chuma cha springi hukubali kugumishwa. Tatizo huanza kwenye tundu. Bolti ya plau ina kichwa bapa kinachozama hadi kulingana na uso wa ncha, ili udongo upite bila kukwama, na chini ya kichwa ina shingo ya mraba. Shingo hiyo hukaa ndani ya tundu la mraba na kuizuia bolti isizunguke wakati nati inapokazwa. Fundi ana drili, na drili hutoboa duara. Bolti ikiingia kwenye tundu la duara inazunguka pamoja na nati. Haikazi vizuri, na baada ya msimu mmoja wa kutu haifunguki tena.

Mkulima afanyeje? Humwambia fundi aichomelee ncha moja kwa moja kwenye kiunzi. Inashika, analima, anashukuru. Lakini kwa cheche zile chache plau yake imerudi mwaka 1797. Ncha iliyochomelewa si spea tena, na joto la kuchomelea limelegeza ugumu uliokuwamo kwenye chuma. Simlaumu mkulima, wala simlaumu fundi. Kila mmoja ametatua tatizo lililo mbele yake kwa kifaa alicho nacho. Lawama ni ya sisi tulio na maabara na vipimo, tulioacha umbali kati ya tundu na tundu uwe bahati nasibu.

Tufanye nini

La kwanza, vipimo vitoke kwenye makabati. Shirika la Viwango Tanzania lina wataalamu na lina mamlaka ya kisheria. Lakini fundi hafanyi kazi kwa waraka, anafanya kazi kwa kigezo. Nataka kila karakana inayotengeneza ncha iwe na bamba gumu la chuma lenye umbo kamili la ncha, matundu yake mahali pake, pamoja na kipande cha kupimia ule mwanya wa chini. Fundi analaza bamba juu ya chuma chake, anachora, anakata. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na hasara ya spea zisizoingia.

La pili, tundu la mraba. Halihitaji mashine ya kiwanda. Chuma kikiwa chekundu, tundu la duara linageuzwa kuwa mraba kwa tindo ya pembe nne na nyundo, kazi ambayo wahunzi wetu wanaiweza. Kinachohitajika ni tindo ya kipimo sahihi iuzwe pamoja na lile bamba.

La tatu, kugumisha chuma kwa uhakika. Springi ipashwe moto hadi sumaku isishike, jambo linalotokea karibu na nyuzi 770 za Selsiasi, kisha iongezwe moto kidogo na kuzimwa ndani ya mafuta. Baada ya hapo ipashwe tena kwa joto dogo ili isivunjike kama kioo ikigonga jiwe. Sumaku ya spika mbovu humpa fundi kipimo cha kuaminika zaidi kuliko kukisia rangi ya moto juani.

La nne, boriti moja, kazi nyingi. Wapo wenzangu wanaosema plau isiboreshwe bali iachwe, kwa sababu kugeuza udongo kila mwaka kwa kina kile kile hujenga tabaka gumu chini na kufungulia mmomonyoko. Hoja hiyo ni nzito, nami naikubali kwa mashamba mengi. Lakini jibu lake limo katika wazo hili hili. Kifaa cha Magoye, kilichopewa jina la mahali kilikobuniwa nchini Zambia, hufungwa kwenye boriti ile ile ya plau ya kawaida baada ya kuondoa bawa na ncha. Hupasua mstari wa kupandia na kuacha udongo mwingine ulivyo. Mkulima hahitaji kutupa alichonacho ili ajaribu kilimo hifadhi. Anahitaji matundu yanayolingana. Vipimo vikikubaliwa, plau inakuwa mlango wa mabadiliko badala ya kizuizi chake.

Kuhusu hataza, historia ya Wood imenifundisha msimamo. Sheria ya ubunifu ina kazi yake, na mbunifu ale jasho lake. Lakini umbali kati ya matundu mawili haupaswi kuwa mali ya mtu. Kwa hiyo michoro ya vigezo itakayotoka kwenye idara yetu nitaiomba seneti iruhusu itolewe bure, kwa Kiswahili, kwa vipimo vya milimita, kwa karakana yoyote ndani na nje ya nchi.

Kwenu wanafunzi: tasnifu zenu zisiishie kwenye zana mpya pekee. Nendeni mkapime zana zilizopo. Pimeni ncha kabla ya msimu na baada ya msimu, muandike zimeliwa wapi na kiasi gani, kwenye kichanga na kwenye mfinyanzi. Takwimu hizo ndizo zitakazomwambia fundi aongeze chuma wapi na apunguze wapi, na hazitakuja kutoka nchi nyingine yoyote.

Nanyi wakulima, tudaini. Mkinunua ncha isiyoingia, irudisheni dukani, na mtueleze. Kipimo cha kazi ya kiti hiki nilichopewa kiwe rahisi kukipima: mkulima wa Magu anunue ncha iliyofuliwa Mbeya, aifunge mwenyewe alfajiri, na jua likichomoza awe analima.