Ngozi Iwashayo na Tumbo Lisilolalamika

(Maandishi ya mazungumzo ya afya kwa wananchi)



Katika visiwa hivi mtu awashwaye kwa muda mrefu huambiwa ana damu chafu, akapewa haluli asafishe tumbo. Haluli haiponyi ngozi. Hata hivyo wazee walioelekeza macho yao tumboni hawakukosea kabisa.

Upo ugonjwa wa ngozi ulioelezwa na daktari Louis Duhring wa Philadelphia, Marekani, mwaka 1884. Malengelenge madogo madogo hutoka kwa mafungu kwenye viwiko, magoti, matako na kisogoni, nayo huwasha mno hata mgonjwa akayapasua kwa kujikuna kabla daktari hajayaona. Kwa miaka 82 yalihesabiwa kuwa ni maradhi ya ngozi tu. Mwaka 1966 Janet Marks na wenzake wa Newcastle, Uingereza, walichunguza utumbo mwembamba wa wagonjwa hao, wakaona utando wake umeharibika kama ule wa wenye siliaki. Hayo ni maradhi ambayo gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, huufanya mwili uushambulie utumbo wake wenyewe. Daktari Willem Dicke wa Uholanzi ndiye aliyeitambua athari ya ngano kwa watoto wenye maradhi hayo: mkate ulipoadimika katika njaa ya 1944 hadi 1945 walipata nafuu, na uliporudi wakaugua tena.

La ajabu ni kwamba wengi wa wagonjwa hawa wa ngozi hawaharishi wala hawaumwi na tumbo. Kwa hiyo hakuna anayewauliza wanakula nini.

Dawa iitwayo dapsoni, itumikayo pamoja na nyengine kutibu ukoma, hutuliza mwasho kwa siku chache. Lakini utumbo hubaki ulivyo, na dawa ikiachwa mwasho hurejea. Tena ni hatari kwa wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali iliyoenea katika nchi za malaria, kwani chembe nyekundu za damu yao huweza kuvunjika. Haifai kabisa kununuliwa dukani kiholela.

Tiba yenyewe ni kuacha ngano: boflo, chapati, maandazi, sambusa, tambi. Si jambo jepesi, khasa mwezi wa Ramadhani. Lakini mchele, muhogo, mtama, mahindi, ndizi na majimbi havina gluteni, na mkate wa kumimina ni wa mchele. Ngozi huchukua miezi mingi, pengine hata miaka miwili, kutulia.

Ugonjwa huu ni nadra, na wengi wawashwao wana upele au fangasi. Lakini asiyepona kwa dawa za maradhi hayo na aende hospitali, wala asiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu, na kile cha kijipande cha ngozi kinachokatwa kando ya lengelenge, hutafuta alama ambazo huweza kufifia mtu akishaacha ngano. Aendelee na maandazi yake mpaka daktari amwambie basi.