Mkono wa chuma wa Vieremä
(Maneno tuliyosema mbele ya wanamemba)



Munajua kwa nini tumekutana. Mkokoteni tuliotengeneza wenyewe ulivunjika kwenye mteremko, mbao zikamwangukia ndugu yetu mguuni. Tangu ile siku wengine wanasema: tuuze mashine ya kuchomelea, feza tugawane.

Mbele ya kuamua, tuwaelezee habari ya mutu moja wa Ufini, Einari Vidgrén. Alikuwa mkata miti. Huko magogo yanatolewa porini na mashine yenye mkono wa chuma: unashika gogo, unaliinua, unalipanga mgongoni mwa mashine. Lakini mashine alizotumia zilikuwa zinavunjika-vunjika, na siku mashine imelala, hakuna kazi. Basi akajenga ya kwake, katika kijiji chake Vieremä. Ikapewa jina la mbwa koko aliyekuwa anazungukazunguka pale kijijini: Ponsse. Mwingine angeona haya. Yeye mwaka 1970 akaanzisha kampuni, na jina akaliacha lile lile la mbwa!

Haikukua siku moja. Mwaka 1983 walitoa mashine ya aluminiamu, nyepesi kuliko za kawaida. Mwaka 1995 kampuni ikaingia soko la hisa la Helsinki. Muzee alikufa 2010, lakini kiwanda kiko palepale Vieremä, na mikono yake inainua magogo katika nchi nyingi.

Sisi si Ufini, tunajua. Wao wako na umeme na barabara. Sisi hata mafuta ya jenereta tunachanga. Lakini kuchomelea tulijifunza Nyarugusu, tukiwa wakimbizi, na ile kazi hakuna mutu alitunyang'anya njiani tuliporudi. Tumekagua mkokoteni: ekseli ndiyo ilikatika, pale tulipounga vipande viwili vya bomba juu ya kukosa chuma kizima. Kosa ni letu.

Kwa hiyo tunaomba hivi: feza ya mwezi huu ianze na matibabu ya ndugu yetu, inayobaki inunue chuma kizima cha ekseli. Mkokoteni mpya tutaupakia mawe, tutaushusha kwa kamba ule mteremko mara kumi, bila mutu mbele yake. Ukivunjika tena, mashine tutaiuza.

Anayekataa asimame aseme sasa, tusije kusikia sokoni.